Kambi ya Familia Kando ya Mto Japani: Inavyopangwa

Mito ya Japani ni mifupi na ina mteremko mkali. Shinano, mrefu kuliko yote nchini humo, una kilomita 367 tu, na Kurobe hushuka kutoka milima ya karibu mita 3,000 hadi baharini kwa kilomita 85. Mvua ikinyesha mlimani, maji yake huweza kulifikia bonde kwa muda mfupi, hata kama bondeni jua linawaka. Ndiyo maana kambi ya kiangazi hupangwa kwa kutazama mwenendo wa mto kwanza, starehe baadaye.

Msimu huanza mvua za tsuyu zinapokwisha, ambazo katika eneo la Tokyo huishia kwa kawaida nusu ya pili ya Julai, wakati shule zinafungwa. Kilele ni katikati ya Agosti, siku za sikukuu ya Obon, watu wengi wanapokuwa likizoni. Marafiki wenye watoto hukodi mapema viwanja vilivyo jirani. Wakazi wa Tokyo huenda Okutama, kwenye bonde la mto Tama, au kijiji cha Doshi mkoani Yamanashi. Mto Doshi ulianza kuipatia Yokohama maji mwaka 1897, na mwaka 1916 jiji hilo lilinunua msitu kijijini humo ili kukilinda chanzo chake.

Mahema husimikwa juu ya kingo. Uwanda wa changarawe ulio kando ya maji, unaoitwa kawara, huvutia kwa kuwa ni tambarare na uko wazi, lakini ni sehemu ya njia ya mto. Nyasi zilizolala upande mmoja na vijiti vilivyonasa vichakani huonyesha mafuriko yaliyopita yalifika wapi. Hema huwekwa juu ya alama hizo. Turubai kubwa hufungwa katikati, meza na majiko yakae chini yake, na mahema ya kila familia yalizunguke. Anayepika huketi mahali anapoweza kuwaona watoto walio majini.

Kambi nyingi hukataza kuwasha moto moja kwa moja ardhini, hivyo kuni huwekwa kwenye beseni la chuma lenye miguu, na nyama huchomwa kwa mkaa. Wali hupikwa katika hango, sufuria ya alumini yenye mpini wa waya. Mchele hulowekwa kwa nusu saa hivi, huchemshwa hadi maji yakauke, kisha sufuria huepuliwa na kuachwa imefunikwa dakika kumi ili wali uive kwa mvuke wake. Mchuzi wa kari ndio mboga ya kawaida, kwa kuwa chungu kimoja hulisha wengi. Tikiti maji hupozwa mtoni ndani ya wavu uliofungwa kwenye jiwe. Anayetaka kuvua samaki aitwaye ayu hukata kwanza kibali cha chama cha wavuvi wa mto husika.

Watoto huingia majini wakiwa na jaketi okozi na viatu visivyovuka mguuni. Mtu mzima mmoja husimama upande maji yanakoelekea, ili amdake atakayechukuliwa na mkondo. Dalili za hatari ni maji kuchafuka ghafla, majani na matawi kuongezeka, kina kupungua bila sababu, na ngurumo au wingu jeusi upande wa juu wa mto. Palipo na bwawa, king'ora hulia kabla maji hayajafunguliwa. Dalili moja inatosha kuwatoa wote majini.

Kasi ya hatari hiyo ilionekana Kobe tarehe 28 Julai 2008, mto Toga ulipopanda mita 1.34 kwa dakika kumi na kuua watu watano. Mto Kurokura mkoani Kanagawa ulionyesha jambo jingine. Mnamo Agosti 1999 kundi la wafanyakazi wenza na familia zao lilipiga kambi kwenye kisiwa cha changarawe chini ya bwawa. Walionywa tangu alasiri ya tarehe 13. Baadhi waliondoka, wengine wakabaki. Asubuhi njia ya kutokea ilikuwa imefunikwa, na bwawa hilo dogo la kuzalisha umeme halikuwa na nafasi ya kuyazuia maji. Watu 18 walisombwa, 13 wakafa. Kwa hiyo uamuzi wa kuhama hufanywa kabla ya giza, wakati watu na magari bado vinaweza kupita.

Siku ya kuondoka, turubai ndilo hufunguliwa mwisho, maana kivuli chake hutumika kukaushia na kukunjia vifaa. Vyombo huoshwa kwenye karo la kambi, si mtoni. Majivu hutupwa mahali palipotengwa, na taka zisizopokelewa kambini hurudi nyumbani na wenyewe.