Udongo Mwekundu Ukiingia Chunguni

Kando ya barabara inayotoka Embu kwenda Meru, vitalu vya miche vimeongeza bidhaa. Miche ya kahawa, makadamia na parachichi ingali inajaza vitanda, lakini pembeni, chini ya wavu mweusi, siku hizi utakuta monstera na sansevieria zinazongoja wanunuzi wa mapambo ya sebuleni. Zimepandwa katika viriba vilevile vya miche, kwa udongo uleule mwekundu, na zimenawiri. Zikishafika nyumbani, zikahamishiwa kwenye chungu cha kauri chenye kisahani, mara nyingi hali hubadilika: majani ya chini yanageuka manjano, na shina linalainika pale linapoingia udongoni. Mwenye mmea hulaumiwa kwa kumwagilia kupita kiasi. Mimi ningeanza na udongo, ingawa najua ninausema vibaya udongo ambao ni miongoni mwa bora Afrika Mashariki.

Wataalamu huuita nitisoli. Umetokana na mawe ya volkano ya Mlima Kenya yaliyooza kwa muda mrefu sana. Una kina kirefu, na mara nyingi mfinyanzi huwa zaidi ya nusu yake. Kwa mfinyanzi wa namna hiyo ungetarajia maji yatuame, lakini oksidi za chuma, hizohizo zinazoupa wekundu, hugandisha chembe zikawa punje imara. Vunja bonge lake mkononi: linaachana katika vipande vidogo vyenye pembe, na nyuso zake zinang'aa kidogo. Maji ya ziada hupita baina ya vipande, na ya akiba hubaki ndani yake. Ndiyo sababu mashamba yanayolisha viwanda vya chai vya Rukuriri na Mungania kule Embu, au Githongo na Kionyo kule Meru, hustahimili mvua za wiki nzima bila mizizi kukosa pumzi.

Sifa hiyo lakini inategemea kina. Chini ya mchai kuna mita kadhaa za udongo zinazovuta maji kuelekea chini. Chunguni kuna sentimita 15 au 20, kisha hewa tupu. Maji hayatoki tunduni kwa kuwa tu tundu lipo. Huanza kudondoka tabaka la chini likishashiba kabisa, na yakikoma kudondoka, tabaka hilo hubaki limeshiba. Unene wake huamuliwa na ukubwa wa vitundu vya udongo: vikiwa vyembamba, maji hushikiliwa juu zaidi. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe, ishike ikiwa imelala mpaka iache kudondosha, kisha isimamishe wima. Itadondosha tena. Sponji ni ileile na maji ni yaleyale. Kimo ndicho kilichoongezeka. Chungu kifupi ni sponji iliyolala.

Hapo ndipo kitalu kinapomshinda mwenye sebule, tena bila kukusudia. Uwiano unaosikika sana vitaluni ni ndoo tatu za udongo, mbili za mchanga na moja ya mbolea ya ng'ombe. Kwa kazi ya kitalu ni mchanganyiko mzuri. Kiriba ni kirefu na chembamba, na zaidi ya hapo kimekaa juu ya ardhi: udongo wake unagusana na wa chini kupitia matundu, kwa hiyo mlima unaendelea kuvuta maji. Mche wenyewe utakaa humo kwa miezi tu kabla ya kwenda shambani. Monstera iliyo sebuleni itakaa miaka, juu ya kisahani, bila mlima wowote chini yake. Kila ukimwagilia, punje zinazidi kumomonyoka na kuziba nafasi, hasa ikiwa mtu aliuchekecha udongo kwanza ili uwe laini. Huo ulaini unaopendeza machoni ndio unaomaliza hewa.

Dawa inayotolewa kwa haraka ni kutandika kokoto chini ya chungu. Haifanyi kazi. Maji hayashuki kwa hiari kutoka vitundu vyembamba kwenda katika nafasi kubwa, kwa hiyo tabaka lililoshiba hupanda juu ya kokoto, karibu zaidi na mizizi. Mchanga mchache nao hudhuru kuliko kusaidia, kwa kuwa mfinyanzi hujaza nafasi zilizo baina ya chembe zake. Mchanga mkubwa wa mito ya Mbeere ni afadhali, mradi uwe mwingi, lakini chungu kitakuwa kizito ajabu.

Wala kunakili vitabu vya nje hakutoshi. Katika miaka ya 1930, W.J.C. Lawrence na J. Newell wa taasisi ya John Innes, Merton, Uingereza, walipanga mchanganyiko uliokuja kujulikana duniani: sehemu 7 za udongo, 3 za piti na 2 za mchanga mkubwa. Udongo wao ulitoka kwenye mabonge ya nyasi yaliyorundikwa mpaka yakaoza, wenye nyuzi na mfinyanzi wa wastani. Weka udongo mwekundu wa Runyenjes, kule Embu, mahali pake, na hesabu yote inaharibika.

Tunachohitaji ni vitu vikubwa visivyooza upesi, na bahati nzuri eneo hili linavyo. Mwea iko jirani, na makapi ya mpunga huko hayana thamani kubwa. Silika yake hufanya yaoze polepole. Yamwagie maji yanayochemka kwanza, la sivyo punje za mpunga zilizosalia zitakuotea. Ukiyachoma nusu ni mazuri pia, ila majivu yake hupunguza asidi, basi yasuuze. Vifuu vigumu vya makadamia vilivyopondwa hudumu zaidi. Ganda la kijani la nje lipeleke kwenye mboji, kwa sababu huoza na kutoa joto. Mawe mepesi ya volkano yenye matundu, yanayotumiwa na mashamba ya maua Naivasha, ni bora kuliko vyote mkoba ukiruhusu.

Kwa monstera, ambayo kwao Mexico na Amerika ya Kati hupanda miti huku mizizi yake ikishika magome na majani makavu, ningechanganya kwa ujazo sehemu 2 za udongo mwekundu usiochekechwa, 3 za makapi au vifuu, na 1 ya mboji iliyoiva. Udongo siuondoi wote: hushika virutubisho, na hukipa chungu uzito mmea usianguke. Mbolea ya ng'ombe nisingeizidisha, kwani chumvi yake huunguza ncha za mizizi. Sansevieria ipunguzie udongo hata zaidi. Jamaa zake huota porini katika maeneo makavu ya Kenya, kwenye mawe na ardhi isiyoshika maji.

Kupima ni rahisi. Ziba matundu ya chungu cha lita 2, kijaze mchanganyiko, mimina maji taratibu mpaka yafike juu, kisha zibua na kinga yanayotoka. Yakiwa mililita 160, hewa ni asilimia 8 tu, na Julai, ukungu unapokaa Embu siku nzima na chungu hakikauki, mizizi itaoza. Lenga mililita 300 hadi 500.

Siku ya kuhamisha, lichambue bonge la kiribani kwa vidole chini ya maji mpaka mizizi ya nje ionekane. Likiingia zima katika mchanganyiko mwepesi, litabaki limelowa katikati wakati pembeni pamekauka, na kidole chako kitakudanganya kwamba mmea una kiu.