Kwa Nini Chopin Alianza na Vitufe Vyeusi

Anayerudi kwenye piano baada ya miaka mingi, tena bila mwalimu, karibu kila mara huanzia palepale: dole gumba kwenye C ya katikati, vidole vingine vikifuatana juu ya vitufe vyeupe, do re mi fa so. Kwa macho ni pepesi. Kwa mkono, hakuna mahali pagumu zaidi kwenye kinanda chote. Frédéric Chopin alilijua hilo, na wanafunzi wake wa Paris aliwapa kwanza skeli ya B meja, yenye vitufe vyeusi vyote vitano. C ilingoja mwisho.

Uamuzi huo unamhusu hasa anayejifundisha, kwa sababu aliyeufanya naye alijifundisha. Mwalimu wake pekee wa kudumu wa piano alikuwa Wojciech Żywny, mpiga fidla, aliyeanza naye mjini Warsaw mwaka 1816 na kumwachia njia miaka michache baadaye, mtoto akiwa bado hajafika ujana. Żywny alimpa Bach na Mozart, na hiyo ni zawadi kubwa. Józef Elsner aliyefuata alimfundisha utunzi. Namna ya kuutumia mkono Chopin aliitafuta peke yake.

Aliitafutaje? Alijitungia mazoezi. Mwaka 1829, akiwa na miaka 19, alianza zile Etudi 12 za Opus 10 zilizochapishwa mwaka 1833. Tazama ya pili: mkono wa kulia unapanda na kushuka nusu sauti kwa nusu sauti kwa vidole vya tatu, nne na tano tu, huku dole gumba na kidole cha shahada vikidonoa sauti za chini. Vidole vile vitatu vinapishana, kirefu kikipita juu ya kifupi. Hakusubiri vidole vinavyoitwa dhaifu vipate nguvu ndipo avipe kazi. Alivitafutia njia inayolingana navyo.

Alipofika Paris mwaka 1831, Friedrich Kalkbrenner, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa mji ule, alimsikiliza kisha akamtaka asome kwake miaka mitatu. Kalkbrenner alikuwa akiwafundisha watu wakiwa wameegemeza mikono juu ya ubao uliofungwa mbele ya vitufe, ili vidole vifanye kazi peke yake. Chopin alimheshimu, hata akamtunukia konseto yake ya E maina, lakini miaka mitatu hakuitoa. Naona hapo ndipo alipouokoa upigaji wake.

Baadaye alianza kuandika kitabu cha kufundishia piano, akafariki mwaka 1849 bila kukimaliza. Zimebaki kurasa za rasimu, pamoja na kumbukumbu za wanafunzi wake, hasa Karol Mikuli. Kaa, anasema Chopin, viwiko vikiwa usawa wa vitufe vyeupe, uweze kufikia ncha zote mbili za kinanda bila kuinama. Kisha dole gumba kwenye E, cha pili kwenye F-shapu, cha tatu G-shapu, cha nne A-shapu, cha tano B. Sasa utazame mkono wako. Vidole vitatu virefu vimepanda juu ya vyeusi, ambavyo viko ndani zaidi na juu zaidi. Viwili vifupi vimebaki kwenye vyeupe. Kiganja kimejikunja chenyewe, bila mtu kukuambia ujifanye umeshika chungwa. Rudi kwenye C uone tofauti: vitano vyote kwenye mstari mmoja, na virefu lazima vijikunyate ili vilingane na vifupi.

Skeli nzima inaonyesha zaidi. Mkono wa kulia unaanza na dole gumba kwenye B, 2 na 3 kwenye C-shapu na D-shapu, dole gumba tena kwenye E, kisha 2, 3, 4 kwenye vyeusi vitatu na kufika B ya juu. Dole gumba linapopita chini, kidole cha tatu kimesimama juu ya kitufe cheusi, kwa hiyo nafasi ya kupita ipo. Kwenye C, dole gumba linalokwenda F hupenya chini ya kidole kilichosimama kwenye usawa uleule. Hapo ndipo aliyejifundisha huinua kiwiko, mkono ukayumba, na F ikatoka kwa kishindo. Ukitaka kujua kama mbinu yako ina ufa, sikiliza hiyo F.

Kuna faida nyingine ambayo haitajwi sana. Mkono wa kushoto ukipanda skeli ya B huanza na kidole cha nne, 4-3-2, dole gumba kwenye E, 4-3-2 kwenye vyeusi, dole gumba kwenye B. Madole gumba ya mikono yote miwili yanakutana kwenye E na B. Kwenye C, la kulia huangukia F na la kushoto G, kila mkono na zamu yake. Ndiyo maana mikono miwili pamoja huwasumbua wengi kwenye ile skeli waliyoambiwa ndiyo rahisi.

Wengi wanaorudi hukimbilia kitabu cha Charles-Louis Hanon cha mwaka 1873, ambacho mazoezi yake ya mwanzo yote yako kwenye vitufe vyeupe, vidole vikiinuliwa juu ili vyote vilingane nguvu. Sikipendekezi kwa asiye na mwalimu wa kumtazama. Kano za kidole cha pete zimefungamana na za jirani zake kwenye mgongo wa kiganja, na kukilazimisha kiinuke kama cha shahada ni kukaza mkono mzima. Chopin aliandika kwamba kila kidole kina tabia yake, na ustadi ni kuitumia tabia hiyo.

Kwetu Afrika Mashariki, waliojifundishia kanisani wamekutana na kikwazo cha aina yake: kibonyezo cha kubadilisha kii. Kwaya ikitaka kupanda, kibonyezo kinaguswa na vidole vinabaki C. Ibada inakwenda vizuri, na mpigaji amefanya kazi yake. Lakini mkono huo unaweza kutumika miaka mingi bila kujifunza vitufe vyeusi, yaani bila kupata umbo lake la asili.

Kuhusu mazoezi yenyewe, Mikuli anaeleza kwamba skeli zilipigwa kwanza polepole sana, kwa sauti iliyojaa, kwa usawa wa metronomu. Na metronomu haikuondoka kwenye piano ya Chopin. Kabla ya kuunganisha sauti, wanafunzi walizipiga mojamoja kwa mkato, kwa kulegeza kifundo cha mkono. Anayerudi asiruke hatua hiyo, kwa sababu mkato mlegevu hauwezi kupigwa na mkono uliokakamaa, na kosa linajitangaza papo hapo. Saa pia alizipunguza: aliposikia mwanafunzi anafanya mazoezi saa sita kwa siku, alikasirika na kumkataza kuzidisha tatu. Kwa mtu mzima mwenye kazi, dakika 40 za kujisikiliza zinatosha kuanzia, na maumivu ya mkono ni amri ya kuacha.

Chopin alipendelea piano za Pleyel kuliko za Érard, ambazo aliona zinampa mpigaji sauti iliyokwisha kutengenezwa. Vinanda vyetu vya umeme vimezidi hapo. Kabla ya skeli ya B, zima mdundo wa kusindikiza, zima mwangwi, weka kando pedali, uchague sauti ya piano tupu.