Nyimbo Elfu Nne, na Mmoja Uliokosekana

Msomaji wa kurasa hizi ana haki ya kuuliza: DJ anatafuta nini katika jarida la uhakiki wa fasihi? Humu tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani, na mara mojamoja, tukijisikia wakarimu, taarabu. Lakini tangu mwaka wa kwanza tunafundishwa kwamba wimbo ni fasihi. Basi kama wimbo ni fasihi, mtu anayekesha akichagua nyimbo zipi ziingie na zipi zibaki nje, na zifuatane vipi, anafanya kazi ileile ya mhariri wa diwani. Na mhariri wa diwani huhakikiwa. Makala haya yanahakiki mkusanyo wa DJ mmoja anayeanza kazi hiyo mkoani Singida. Jina lake silitaji. Nikiri tu kwamba ni rafiki yangu, na kwamba siku moja nilimbebea spika.

Kwanza tuone mkusanyo ulivyozaliwa. Rafiki yangu alikwenda kwenye kibanda kimoja cha kuweka nyimbo, akatoa flashi ya GB 32, akalipa hela isiyofika bei ya kuku wa kienyeji, akapewa kiti. Kabla soda haijaisha alikuwa na nyimbo elfu nne. Alitoka pale amefura kifua kama mtu aliyerithi ng'ombe.

Hebu tupige hesabu. Nyimbo elfu nne, kila mmoja dakika nne, ni dakika elfu kumi na sita, yaani saa 266 hivi. Mtu akisikiliza saa mbili kila siku bila kupumzika Jumapili, atazimaliza baada ya miezi minne na zaidi. Yeye alikuwa na kazi Jumamosi ile. Kwa maneno mengine, alikwenda kusimama mbele ya hadhira na diwani ambayo hajaisoma.

Nilipofungua flashi yenyewe nilikuta mambo ya ajabu. Nyimbo nyingi hazina majina ya waimbaji. Nyingine zimebandikwa jina la kibanda na namba yake ya simu mahali ambapo lingekaa jina la mtunzi. Wimbo mmoja upo mara tatu kwa majina matatu. Mwaka wa kurekodiwa? Hakuna. Ni sawa na kuchukua mashairi ya Shaaban Robert na ya Mnyampala, ukakata majina kwa mkasi, ukayamwaga katika gunia moja na kumwambia mwanafunzi: haya, kahakiki. Tena sauti yenyewe imebanwa. Wimbo wa dakika nne uliohifadhiwa kwa kilobiti 320 kwa sekunde hula karibu megabaiti kumi. Ukibanwa hadi 128 hula chini ya nne. Mwenye kibanda anachagua kubana ili nyingi zienee, maana mteja hununua wingi. Kwenye simu huwezi kuona tofauti. Kwenye spika kubwa, uwanjani, matoazi yanalia kama mtu anayekaanga bisi ndani ya debe.

Hapo pana suala la haki pia. Tangu 1999 tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na chombo cha kuisimamia, COSOTA. Katika kile kibanda, mtunzi hakupata hata senti. Lakini nisimtupie mawe mwenye kibanda peke yake, kwa sababu sisi wanafunzi tunaosoma vitabu vya kurudufu kwa miaka mitatu mfululizo tuna mikono michafu vilevile.

Sasa, uteuzi wa aina hii haukuanza na flashi. Mkusanyo wowote wa muziki katika nchi hii ni matokeo ya milango iliyofunguliwa na iliyofungwa. Kwa miaka mingi mlango mkubwa ulikuwa studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam: bendi ikishapita pale, nchi nzima iliisikia, isipopita, ilisikika mtaani kwake. Santuri nyingi za bendi zetu zilichapwa Nairobi, na mpaka wetu na Kenya ulipofungwa 1977 hata njia hiyo ikawa ya mashaka. Redio binafsi zilipokuja katikati ya miaka ya 1990 milango iliongezeka, lakini mingi ilielekea Dar es Salaam. Kibanda cha leo kinarithi milango yote hiyo bila kujua. Ndiyo maana katika zile elfu nne kuna amapiano ya Afrika Kusini, sebene la Kongo, bongo fleva ya kila rangi, singeli ya Manzese na Tandale, na Mbaraka Mwinshehe kidogo kwa ajili ya wazee. Mtu akikaa Singida akasikiliza mkusanyo huo mwanzo hadi mwisho, hatakuta neno moja litakalomwonyesha kwamba yuko Singida.

Kabla ya kufika kwenye hoja hiyo, niseme neno juu ya fani, maana hapa ndipo DJ anayeanza hukosea zaidi, na ndipo wahakiki tungeweza kumsaidia. Chukua muziki wa dansi. Nyimbo nyingi za Mlimani Park au za Juwata zina sehemu mbili. Ya kwanza huenda taratibu, mwimbaji akisimulia kisa chake: ndoa imevunjika, rafiki amemgeuka, mshahara umeishia njiani. Ya pili ni chemko, magitaa na tarumbeta vinachukua usukani na miguu inapata kazi. Fani na maudhui havitengani hapo, kwani furaha ya chemko inatokana na uzito wa kisa kilichotangulia. Wimbo unaweza kufika dakika saba au nane. Rafiki yangu, aliyezoea bongo fleva ya dakika tatu, anaukata dakika ya pili eti unaboa. Anakata kisa, na chemko halifiki kabisa! Ni kama msomaji anayefunga riwaya pale mhusika mkuu anapopanda basi kwenda mjini.

Kosa lingine ni lile la kitufe cha kulinganisha mapigo. Programu za kompyuta zinahesabu mapigo kwa dakika na kuunganisha nyimbo zenyewe. Kwa singeli, yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika yaliyopangwa na mashine, kitufe kinaweza kukutosha. Lakini bendi za zamani zilirekodi wanamuziki wote wakipiga kwa pamoja, na mpiga ngoma ni binadamu. Akisisimka mwendo unapanda. Hapo kitufe kinapotea njia, na nyimbo mbili zinagongana kama masufuria. Dawa yake haiuzwi kibandani. Ni kuujua wimbo: unaanza vipi, chemko linaingia dakika ya ngapi, unamalizika kwa kufifia au kwa kukatwa. Kwa sherehe ya saa sita, nyimbo tisini za dakika nne zinatosha kabisa. Afadhali mtu awe na mia mbili anazozijua kama viganja vyake, zenye majina kamili ya waimbaji na miaka, zilizohifadhiwa mahali pawili, kuliko elfu nne za gunia. Nilimwambia hivyo. Akaniuliza kama chuoni tunasoma vitabu vyote tulivyonavyo kwenye rafu. Nikanyamaza.

Turudi kwenye ile harusi. Ilikuwa kijijini, wilaya ya Ikungi, mwezi wa nane, wakati fedha za alizeti bado zina joto mifukoni. Jenereta linanguruma, vijana wanaserebuka, mambo safi. Jioni bibi mmoja akaja na mkongojo wake mpaka kwenye meza ya DJ.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Tuwekee wetu wa kumpokea bibi harusi."

"Wetu upi, bibi?"

"Wetu. Wa Kinyaturu."

Jamani! Rafiki yangu akaandika neno hilo kwenye kompyuta: hakuna kitu. Akajaribu Singida: hakuna kitu. Kwa kutapatapa akamwekea Saida Karoli, kwa hoja kwamba ni wa kienyeji. Bibi akasikiliza kidogo, akasema kwa upole kwamba hao ni watu wa Bukoba. Akarudi walikokaa wenzake. Baada ya dakika chache wanawake wale wakaanza kuimba wenyewe, mmoja akitoa, wengine wakipokea, makofi na vigelegele vikiwa ndiyo ala. DJ akafanya jambo la busara kuliko yote aliyofanya siku ile: akashusha sauti mpaka mwisho. Watu ambao hawakuinuka tangu mchana wakainuka. Shangazi wa bwana harusi, aliyekuwa amenuna kwa sababu zake, alicheza.

Mwenzangu mmoja wa darasani, niliposimulia kisa hiki, alisema kwamba hayo ni majonzi ya kimapokeo tu: vijana hawataki nyimbo za kikabila, na DJ hula kwa kufuata hadhira. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba kina bibi walipomaliza, amapiano ilirudi na vijana wakarudi nayo mbio. Na DJ atakayewapigia vijana wa Singida mjini nyimbo za mavuno saa tano za usiku atabaki na spika zake. Lakini mwenzangu anasahau kwamba huyohuyo Saida Karoli alivuma mwaka 2001 akiimba Kihaya, na nchi nzima ikacheza bila mkalimani. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliufufua ule wimbo wake wa Maria Salome, ukawa Salome, na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa 2001 wakaucheza. Hilo liliwezekana kwa sababu kwanza mtu aliurekodi. Majirani zetu Wagogo, ambao wako pia Manyoni, wana Hukwe Zawose, na kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu yake, Chibite, mwaka 1996. Hata kanisa lilitutangulia: mmisionari wa Kilutheri, Howard Olson, aliyekichambua Kinyaturu kitaalamu, alikusanya tuni za kienyeji kutoka sehemu mbalimbali za nchi miaka ya 1960 na kuzitia katika kitabu cha Tumshangilie Mungu. Maneno yalibadilishwa, tuni zikabaki. Mtu anaweza kulalamikia mabadiliko hayo, na mimi hulalamika, lakini mkusanyaji alitembea kwa miguu yake hadi kwa waimbaji.

Ndiyo ninayomdai DJ wetu. Nusu ya mkusanyo wake anaweza kuununua kwa njia halali na kuupanga vizuri. Sehemu ndogo iliyobaki, nyimbo kumi na tano tu kwa kuanzia, lazima aifuate kwa wenyewe: Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu, akaandike jina la mwimbaji, kijiji, tarehe na shughuli inayohusika, na akaombe ruhusa. Zipo nyimbo za mila, hasa za wanawake, ambazo si za kupigwa hadharani. Akiambiwa hapana, azime simu.

Lakini hata hapa nadharia inatukalia vibaya. Mulokozi, katika makala yake ya 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi, aliiona fasihi simulizi kama tukio, linalotegemea fanani, hadhira, fani yenyewe, mahali na wakati. Rekodi inachukua fani, na mengine yanabaki kijijini. DJ anaporudisha wimbo ule kwenye harusi nyingine, hadhira nyingine, je, amerudisha tukio au ameleta ganda? Mimi naelekea kudhani kwamba DJ ni fanani wa namna yake, na harusi yake ni tukio jipya. Mhadhiri wangu hakubali.

Desemba tulirudi Ikungi, rafiki yangu na mimi, tukiwa na simu yenye nafasi ya kutosha na kilo mbili za sukari. Bibi alitupokea vizuri. Tulipomweleza shida yetu alicheka sana, akasema wimbo ule hauna mtu mmoja wa kuuimba. Yeye anatoa, na asipopokelewa unamkwama kooni. Wenzake walikuwa mashambani, mvua zimeanza. Akatuambia turudi mwezi wa saba, alizeti zikishapigwa, tena tuje na bibi harusi.