Rangi Ilikaa Wapi? Kupima Asidi Ndani ya Kimelea cha Malaria

Waliokulia Likoni, Kisauni na Changamwe, Mombasa, miaka ya themanini wanaijua klorokwini, dawa ya malaria, kwa uchungu wake na mwasho uliowakesha. Baadaye ikaacha kutibu, na mwaka 1998 Kenya ikaiondoa kwenye nafasi ya dawa ya kwanza. Kilifi, ng'ambo ya Mtwapa, vimelea sugu vilivyokuwa zaidi ya 90% mwaka 1993 vilishuka hadi karibu 60% kufikia 2006.

Vilikuwa vikiikwepaje? Kimelea hula hemoglobini ndani ya kifuko chenye asidi. Klorokwini ni besi dhaifu: hupenya utando ikiwa haina chaji, lakini kwenye asidi hubeba ioni mbili za hidrojeni na kunaswa humo. Kwa hesabu, tofauti ya vipimo viwili tu vya pH, yaani kipimo cha asidi, yaweza kuirundika mara 10,000. Hivyo wengi walishuku kwamba kimelea sugu kimepunguza asidi ya kifuko chake.

Kuthibitisha hilo ndiko kulikoleta kazi. Hakuna elektrodi inayoingia humo, kwa hiyo hutumika rangi zinazong'aa zikimulikwa. BCECF, iliyotoka maabara ya Roger Tsien na wenzake mwaka 1982, humulikwa kwa mawimbi mawili ya mwanga, kisha ming'aro hiyo miwili hugawanywa, hivyo wingi wa rangi hauharibu jibu. Ila husoma vizuri karibu na pH 7. Kifuko kiko karibu na 5.

Mwaka 2000 kundi la Paul Roepe, Marekani, lilitumia rangi nyingine, akridini ya chungwa, na kutangaza kinyume cha matarajio: kifuko cha kimelea sugu kina asidi zaidi. Mwaka 2002 mambo yakageuka. Patrick Bray na wenzake, Liverpool, walihoji kama mng'aro ule ulitoka kifukoni kweli. Watafiti wengine wakaonyesha kwamba taa ya darubini yenyewe huvuruga pH ya kimelea. Hoja hii ya pili ndiyo nzito zaidi kwangu, kwa maana kosa la mahali hurekebishika kwa picha bora, bali taa ndiyo chombo chenyewe cha kupimia.

Suluhisho la watafiti wa Canberra, Australia, mwaka 2006, lilikuwa la ujanja. Hayward, Saliba na Kirk walifungua seli nyekundu za damu, wakatia rangi iliyofungwa kwenye molekuli kubwa ya sukari isiyopenya utando, wakazifunga tena, ndipo wakaruhusu kimelea kiingie. Kikala hemoglobini na rangi pamoja, kama mtoto anayepewa dawa ndani ya uji. Rangi ilifika kifukoni kwa njia ya chakula. Uhusiano kati ya pH na usugu haukuonekana. Mwaka uliofuata watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, wakatumia pHluorin, protini ya kung'aa inayotengenezwa na kimelea chenyewe baada ya kupandikizwa jeni, na kifuko kikasoma takriban 5.2.

Basi klorokwini hunaswa vilevile, ila hutolewa. Mwaka 2009 Rowena Martin na wenzake waliyafanya mayai ya chura yatengeneze PfCRT, protini ya utando wa kifuko cha kimelea, wakayaweka katika maji yenye asidi yaliyoiga kifuko. PfCRT ya kimelea sugu iliivusha klorokwini kutoka upande wa asidi hadi ndani ya yai. Ile ya kimelea kisicho sugu haikuivusha.