Deni Asiloliona Yusuf

Kila tajiri Aziz anapopita Kawa na kukaribishwa kwa kina Yusuf, akiaga humtilia mtoto sarafu ya anna kumi mkononi. Yusuf ana miaka 12. Kwake, mgeni huyu ni ami mkarimu, manukato mazuri na chakula kisichoonekana nyumbani siku nyingine. Siku moja anapandishwa treni pamoja naye, akidhani ni matembezi.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia Abdulrazak Gurnah katika riwaya yake Peponi. Msomaji mzima keshaanza kutilia shaka ile heshima ya kupita kiasi ambayo baba anampa mgeni. Gurnah hatuambii neno. Msimulizi wake si Yusuf, ni nafsi ya tatu, lakini amechuchumaa hadi kimo cha mtoto na hainuki kuchungulia juu ya ukuta. Deni tunaliona sisi, Yusuf anaiona sarafu. Ni mpaka afike kwenye duka la Aziz ndipo Khalil, kijana aliyewekwa rehani kabla yake, anapomweleza, nusu kwa utani, nusu kwa ukali: yule si ami yako, anamdai baba yako.

Watoto wengi wa riwaya zetu huhutubia kama madiwani. Yusuf hahutubii. Tazama pale stesheni, anapowakodolea macho Wazungu wawili, wa kwanza kuwaona maishani. Mmoja anamtolea meno, naye anatimua mbio. Basi. Ukoloni haujatajwa, wala hauna haja ya kutajwa. Kwa mtoto ni ngozi na meno tu.

Jicho hilo halibaki la kitoto. Msafara wa biashara wa Aziz unapoingia bara na kukwama kwa mtawala Chatu, Yusuf ni kijana, na yale aliyokuwa akiyakodolea tu sasa anayapima. Mwishoni Wajerumani wanakuja na askari wao, wakikamata watu, na safari hii anajua anachokitazama. Nadhani uamuzi wake wa mwisho usingeuma hivi kama tusingewahi kukaa naye pale chini, alipokuwa hajui kitu.

Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Ukikipata, usiharakie safari ya bara. Sura ya kwanza isome mara mbili.