Waliopima Kuta za Kilwa

Ukuta wa matumbawe na chokaa haunyooki kama wa tofali za kiwandani. Jiwe hili limechomoza, lile limeliwa na chumvi. Ndiyo maana nawapa heko wanaopima magofu ya Kilwa Kisiwani. Mtangulizi wao mmoja, mwanaakiolojia Peter Garlake, alichapisha kitabu chake chenye michoro ya majengo ya kale ya pwani yetu mwaka 1966. Aliyewahi kushika futi na timazi juani anajua jasho lililomo katika kila mstari wa michoro ile.

Baadaye Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town ikaja na skana ya leza. Mashine husimama kwenye miguu yake mitatu, huzunguka taratibu na kukusanya mamilioni ya nukta, kisha huhamishwa nyuma ya nguzo, maana leza haioni kilichojificha. Subira ya mpimaji ni ileile ya zamani. Nukta zikiunganishwa, Msikiti Mkuu wa Kilwa unasimama kwenye kompyuta, kuba na matao na nyufa zake. Mhifadhi anaukata katikati bila kugusa jiwe, aone ukuta gani unalemewa. Hongereni sana, wapimaji.