Gari la Mpiga Muziki: Pima Mlango, Kisha Sikiliza

Mtu anayepiga kinanda kanisani Jumapili, gitaa la besi harusini Jumamosi, na Jumatatu akarudi kazini kwake, hahitaji gari kubwa. Anahitaji gari lenye mlango mkubwa. Wanunuzi wengi wa gari la kwanza hupotea hapo: wanahesabu viti na kutazama urefu wa bodi, wanasahau kwamba spika haishushwi kupitia paa. Gari la viti saba laweza kukataa kinanda ambacho Probox hukipokea, na nafasi ikabaki ya stendi, nyaya na begi la nguo za shughuli.

Kwa hiyo uchaguzi uanzie nyumbani, na futi mkononi. Kinanda cha vibonyezo 88 kikiwa ndani ya begi lake hufika karibu mita 1.4, cha vibonyezo 61 hukaa kwenye mita moja hivi. Gitaa la besi ndani ya kesi ngumu huzidi mita 1.2. Dramu kubwa ya inchi 22 ina kipenyo cha sentimita 56 kabla hujaivalisha begi. Spika ya inchi 15 kwa kawaida husimama kwenye sentimita 70. Anayepiga kontrabasi ya taarabu ana kazi ngumu kuliko wote, maana chombo chake hukaribia mita 1.8, na shingo yake haitaki kuegemea kitu. Andika vipimo hivyo, kisha nenda ukapime gari pale linapobana zaidi: upana kati ya matao ya tairi za nyuma, kimo kutoka sakafu hadi ukingo wa juu wa mlango wa buti, na kimo cha kizingiti kutoka ardhini. Kizingiti usikidharau. Kikiwa chini na kikalingana na sakafu, spika unaiegemeza na kuisukuma. Kikiwa na ukuta, utainyanyua mara mbili, na utafanya hivyo saa nane za usiku baada ya harusi, wenzako wote wakiwa wamekwisha kuondoka.

Afadhali zaidi uende yadi na kile chombo chako kikubwa kuliko vyote. Dalali akisema, "Inaingia tu hiyo, kaka," mwombe mwingize pamoja, palepale.

Katika magari ya bei ya kawaida yaliyotoka Japani na kuzoeleka mitaani kwetu, chaguo langu la kwanza ni Toyota Probox, na nduguye Succeed. Lilitoka mwaka 2002 likiwa gari la kazi, na ukilitazama unaona kwamba waliolichora walianza na mzigo ndipo wakamtafutia dereva mahali pa kukaa. Ubavu wake umesimama wima, paa halikuteremshwa nyuma kwa ajili ya urembo, na katika toleo la mizigo kiti cha nyuma hulala hadi kikawa sehemu ya sakafu. Watu wawili wakikaa mbele, linaruhusiwa kubeba kilo 400. Seti nzima ya bendi ndogo haifiki huko. Kwenye dashibodi kuna kimeza cha kuvuta, pazuri pa kuandikia mpangilio wa nyimbo foleni ikiwa imesimama. Wanaosema ni gari la mirungi au la kubeba vifaranga wamesema kweli, na hiyo ndiyo sifa yake. Gari lililovumilia kazi hizo halitalalamikia spika zako mbili. Ubaya wake ni huo wa gari la kazi: viti vyembamba, kelele nyingi za barabara, na abiria wa nyuma asiyekusamehe safari ndefu.

Asiyelipenda, na zaidi mwenye familia changa, alitazame Toyota Raum ya kuanzia 2003. Hilo ni gari lisilopewa heshima linayostahili. Ubavu wa kushoto halina nguzo ya katikati: mlango wa mbele unafunguka kama kawaida, wa nyuma unateleza, na baina yake panabaki uwazi ambao dramu inapita bila kuinamishwa. Mlango wa buti unafunguka kwa pembeni kama wa nyumba, kwa hiyo hauhitaji kupisha paa la banda, ila unahitaji nafasi nyuma. Ukiegesha umeubana ukuta, umejifungia vyombo. Honda Fit ni dogo kwa nje, lakini tangi lake la mafuta liko chini ya viti vya mbele, hivyo makalio ya kiti cha nyuma hunyanyuka na kuacha shimo refu la kusimamishia vitu virefu. Noah linatosha kila kitu, na mafuta linayanywa vilevile. Kumbuka tu kwamba viti vyake vya mstari wa tatu huning'inizwa ubavuni na kula upana ambao ulidhani ni wako. Wish ni zuri kwa abiria. Kwa spika, hapana.

Neno moja kuhusu injini. Ukiona maandishi D-4 kwenye injini ya petroli ya Toyota ya miaka ile ya 2000, ujue mafuta hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya mgandamizo mkubwa, na mafundi wengi wa kwetu hawaipendi, kwa sababu ni nyepesi kudhurika na mafuta machafu na spea zake ni ghali. Gari la kwanza la mtu mwenye kipato cha kawaida liwe na injini ambayo fundi wa mtaa wowote anaijua. 1NZ ya sentimita za ujazo 1,500, iliyomo ndani ya Probox nyingi na Raum, ni ya aina hiyo. Spea zake utazipata Gerezani pale Kariakoo, na utazipata Kirinyaga Road kule Nairobi.

Kilomita za kwenye dashibodi ni maneno ya muuzaji. Tafuta ushahidi mwingine. Fungua mlango wa dereva uchungulie fremu yake, kisha chungulia chini ya boneti: gereji za Japani hubandika kibandiko kila zikibadilisha oili, chenye tarehe na kilomita za siku hiyo. Mara nyingi mwaka umeandikwa kwa hesabu ya enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei unajumlisha 1988, kwa hiyo 25 ni 2013. Enzi ya Reiwa unajumlisha 2018. Kibandiko kikisema gari lilikuwa na kilomita 140,000 mwaka 2013 na dashibodi leo inasoma 92,000, mazungumzo yameishia hapo. Kama gari limeingia nchini karibuni, omba karatasi ya mnada. Alama 4 ni gari safi, 3.5 ni la kawaida lenye makovu, na R ama RA ni lililopata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni palipokwisha kunyooshwa, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Mimi sikatai gari la 3.5 lenye A na U tele. Nakataa lenye S nyingi, kwa kuwa kutu haisimami, hasa kwa gari litakaloishi Tanga, Mombasa au Unguja.

Baada ya hapo weka karatasi kando utumie kitu ambacho wanunuzi wengi hawana, yaani sikio lililofunzwa. Fika asubuhi na mapema, uguse boneti. Ikiwa ya moto, gari limewashwa kabla hujaja, na huenda kuna mlio wa injini baridi ambao hukutakiwa kuusikia. Kwenye 1NZ iliyochoka, mlio huo ni cheni kugonga kwa sekunde chache mara tu baada ya kuwasha, kabla oili haijapanda. Likishatulia, sikiliza mdundo. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 700 kwa dakika hupiga milipuko kama 23 kwa sekunde. Sikio haliihesabu, linasikia mngurumo mmoja ulio sawa. Silinda moja ikikosa, pengo hujirudia karibu mara sita kwa sekunde, na pengo la namna hiyo mpiga dramu hulisikia kabla ya fundi. Ndipo wanaposema injini inamisi. Kisha panda taratibu. Kwenye mizunguko 3,000 milipuko inafika 100 kwa sekunde, na waya mtupu wa G wa gitaa la besi hutikisika mara 98. Kwa hiyo mpiga besi anaijua sauti ya kutarajia pale: iwe moja, nzito, isiyo na mikwaruzo juu yake.

Barabarani, zima redio. Sauti inayopanda na mwendo wa gari ni ya tairi au beringi. Inayopanda na mizunguko ni ya injini au vitu inavyovizungusha. Kuzitenganisha ni rahisi: kwenye barabara tupu iliyonyooka, achia mafuta. Mizunguko ikishuka na uvumi ukabaki palepale, shida iko kwenye magurudumu. Zungusha usukani hadi mwisho na uende polepole kwenye duara; tak-tak-tak kutoka mbele ni viungo vya ekseli vilivyokwisha. Pita kwenye matuta ukiwa na kioo wazi, usikilize bushi na shokapu. Kama gia ni za otomatiki za hatua nne, kama zilivyo Probox za kabla ya 2014, sauti ishuke kwa hatua zinazosikika bila kishindo. Zile za CVT hushikilia sauti moja wakati mwendo unapanda, na ukihisi mtetemo likianza kuondoka, liache.

Sehemu ya mizigo ina mtihani wake. Nyanyua zulia, ushike kila pembe kwa kiganja, unuse. Mpira wa mlango wa buti uliochoka huingiza maji kidogo kila mvua, na unyevu huo ndio utakaovimbisha udi na kuozesha koni za spika. Joto nalo halina huruma. Vyombo vingi vya mbao vimeungwa kwa gundi ya ngozi ya mnyama, ambayo hulegea kwenye gari lililofungwa juani, kwa hiyo vioo vya nyuma vyenye giza la kiwandani ni faida halisi. Uliza pia tairi la akiba linakaa wapi. Likiwa chini ya sakafu ya mizigo, pancha ya usiku itakulazimu ushushe bendi nzima kando ya barabara.

Karatasi za umiliki zisikuchoshe, ila zisirukwe: namba ya chesesi kwenye bodi ifanane na ya kwenye kadi, jina la kwenye kadi liwe la anayepokea fedha, na madeni ya faini, maegesho na mkopo yachunguzwe kabla hujalipa. Kenya rekodi ziko NTSA. Tanzania ziko TRA.

Usimalize fedha zote kwenye ununuzi. Bakiza walau sehemu moja ya tano kwa ajili ya oili, chujio, maji ya rejeta, breki na pengine tairi, kisha ununue mikanda ya kukazia mzigo siku ileile ya kuhamisha jina. Spika zikae chini, zikiegemea migongo ya viti vya mbele, na zifungwe. Ukipiga breki ya ghafla kwenye kilomita 60 kwa saa, spika ya kilo 18 iliyo huru huendelea na mwendo uleule hadi ikutane na kitu, na kilicho mbele yake ni kiti chako.